Nani ampishe nani: mwongozo wa kupishana kati ya vyombo vya uvuvi na vyombo vya tanga

Maswali ni yaleyale kwa kila anayeanza kushika usukani. Tanga na mvuvi wakikutana, nani ampishe mwenzake? Mvuvi akiwa anarudi na injini, bado anapishwa? Nimepandisha tanga lakini injini inasukuma, nahesabiwa nani? Nipite mbele yake au nyuma?

Majibu yaliyo hapa yanafuata Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972, zilizoanza kutumika 1977. Zinahusu bahari kuu na maji yote yaliyoungana nayo ambayo meli za baharini zinaweza kupita. Bandari, mito na maziwa huweza kuwa na masharti yake, kwa hiyo ulizia kabla ya kung'oa nanga.

Shika mambo mawili kabla ya kuendelea. Kwanza, kanuni hizi hazimpi mtu umiliki wa njia. Zinagawa kazi: mmoja apishe, mwingine ashike mwendo na uelekeo wake ili mwenzake ajue atakuwa wapi. Pili, kinachomfanya mvuvi apishwe ni zana zilizomo majini zikimzuia kugeuka. Jina la chombo, ukubwa wake au samaki waliojaa sandukuni havihesabiki.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka

Kwenye chombo cha tanga:

- Dira ya mkononi, au dira ya chomboni unayoweza kuitumia kupimia uelekeo wa chombo kingine.
- Darubini. Ya 7x50 inatosha. Zenye nguvu zaidi hutikisika mno chombo kikiyumba.
- Honi ya hewa, na kopo la akiba.
- Redio ya VHF, chaneli ya 16 ikiwa wazi muda wote.
- Koni moja nyeusi ya kutundika unapotumia tanga na injini pamoja.
- Taa za ubavuni (nyekundu kushoto, kijani kulia), taa nyeupe ya tezi (nyuma ya chombo), na kama una injini, taa nyeupe ya mlingotini inayoangaza mbele. Zijaribu kabla jua halijazama.
- Kiakisi rada kilichofungwa juu kadiri mlingoti unavyoruhusu. Chombo cha mbao au cha faiba huonekana kwa shida sana kwenye rada.
- Tochi kali, kisu chenye meno na miwani ya kuzamia.

Kwenye chombo cha uvuvi:

- Koni mbili nyeusi zilizounganishwa ncha kwa ncha, na koni moja ya ziada kama zana zako huenea zaidi ya mita 150.
- Taa za uvuvi zinazoonekana pande zote: nyekundu na nyeupe, au kijani na nyeupe kwa anayekokota wavu.
- Boya zenye bendera mchana, na taa pamoja na utepe unaong'aa usiku.
- Kamba inayozama kwa ajili ya boya, au chubwi za kuizamisha ile inayoelea.

Hatua ya 1: Jijue wewe ni chombo gani kwa sasa

Chombo cha tanga ni kile kinachosukumwa na upepo peke yake. Injini ikiwa imezimwa, au inaunguruma bila gia ili kuchaji betri, bado wewe ni wa tanga. Ukiingiza gia, hata matanga yote yakiwa juu na yamejaa upepo, umekuwa chombo cha injini. Hapo utampisha mvuvi anayevua na utampisha mwenye tanga tupu (asiyetumia injini).

Mchana, tanga na injini zikifanya kazi pamoja, tundika koni mbele, ncha ikielekea chini. Watu wengi hawaitundiki, na matokeo yake mvuvi anaona tanga na kukupisha wakati wewe ndiye uliyepaswa kumpisha, au mnageuka wote wawili kwa pamoja. Usiku, washa taa nyeupe ya mlingotini pamoja na taa za ubavuni na tezi za chini. Kama una taa ya rangi tatu kileleni, izime: hiyo ni ya tanga tupu tu.

Hatua ya 2: Amua kama mvuvi anavua au anasafiri

Chombo kinachovua, kwa maana ya kanuni, ni kinachotumia nyavu, mishipi, wavu wa kukokota au zana nyingine zinazopunguza uwezo wake wa kugeuka. Anayekokota ndoana chache nyuma huku akitembea hahesabiki, kwa sababu anaweza kugeuka wakati wowote. Anayesafiri kwenda au kutoka uvuvini naye hahesabiki. Huyo ni chombo cha injini kama kingine chochote, au chombo cha tanga kama anatembea kwa tanga.

Mchana, tafuta koni mbili zilizogusana ncha, moja juu ya nyingine. Usizitegemee peke yake. Vyombo vidogo vingi havizitundiki, na vingine huziacha zimening'inia mwaka mzima hata vikiwa njiani. Kwa hiyo tazama pia:

- Mwendo. Anayekokota wavu huenda polepole, kati ya noti (maili za baharini kwa saa) 2 na 4, huku injini ikisikika inafanya kazi nzito. Anayesafiri hukata maji kwa kasi na povu linaonekana omo (mbele ya chombo).
- Nyaya au kamba zilizokazika kutoka tezi, zikiingia majini kwa mshazari.
- Watu wanavuta kitu ubavuni, au winchi inazunguka.
- Msururu wa maboya au vilezi juu ya maji.
- Ndege wengi wanaozunguka nyuma yake. Hii ni dalili ya samaki wanaoopolewa au uchafu unaotupwa, kwa hiyo ichukue kama nyongeza tu.

Ukibaki na shaka, mhesabu kuwa anavua.

Usiku, taa ndizo zinazosema:

- Kijani juu ya nyeupe: anakokota wavu.
- Nyekundu juu ya nyeupe: anavua kwa zana nyingine, kama jarife (wavu unaoning'inia majini), mshipi mrefu wa ndoana nyingi au madema.
- Nyeupe moja ya ziada kando ya hizo nyekundu na nyeupe: zana zimeenea zaidi ya mita 150 kuelekea upande ilipo taa hiyo. Mchana kazi hiyo hufanywa na koni yenye ncha juu.
- Njano mbili zinazopokezana kuwaka kila sekunde moja: ringi neti (wavu wa kuzungushia samaki), na chombo kimebanwa na wavu wake.
- Wakokotaji walio karibu karibu huongeza nyingine: nyeupe mbili wima (anashusha wavu), nyeupe juu ya nyekundu (anaopoa), nyekundu mbili wima (wavu umenasa kwenye kitu chini).

Pamoja na hizo, mvuvi anayetembea majini huwasha taa za ubavuni na ya tezi. Usipoziona, huenda amesimama. Usichanganye kijani juu ya nyeupe na nyekundu juu ya kijani: hiyo ya pili ni ya chombo cha tanga kilichoamua kuongeza taa mbili kileleni.

Taa kali za kazi kwenye sitaha mara nyingi humeza taa nyingine zote. Ukiona chombo kinachong'aa chote kama jengo na huwezi kutofautisha rangi, chukulia anavua na kaa mbali.

Hatua ya 3: Pima kama mtagongana

Elekeza dira kwenye chombo kile na usome nyuzi. Subiri dakika moja au mbili, usome tena, kisha mara ya tatu. Namba ikibaki ileile, au ikibadilika kidogo sana huku chombo kinakaribia, mtagongana msipofanya kitu.

Kama huna dira ya mkononi, kaa mahali pamoja, shika uelekeo usioyumba, na utazame chombo kile kimekaa wapi ukilinganisha na kamba ya mlingoti au nguzo ya ukingoni. Kikiganda palepale, ni hatari.

Kuna mtego hapa ambao wengi hawaufikirii. Kwa mvuvi anayekokota wavu, namba ya dira ya chombo chenyewe inaweza kuwa inabadilika vizuri, ikionyesha utapita nyuma yake salama, kumbe unaelekea moja kwa moja kwenye nyaya zake. Pima mara mbili: kwa chombo, na kwa sehemu ya maji nyuma yake ambapo zana zinaishia.

Hesabu na muda. Wewe ukienda noti 6 na mkokota wavu noti 3, uso kwa uso, mnakaribiana kwa noti 9: maili moja ya baharini inaisha kwa chini ya dakika 7. Mvuvi anayerudi kwa noti 10 na wewe noti 5, maili hiyohiyo inaisha kwa dakika 4. Kukusanya tanga na kugeuza chombo kwa mkono mmoja huchukua sehemu kubwa ya muda huo.

Hatua ya 4: Tambua nani anapisha

Pitia orodha hii kwa mpangilio ulivyo na usimame panapokuhusu.

1. Anayempita mwenzake kutoka nyuma ndiye anayepisha, awe nani. Kutoka nyuma maana yake ni ndani ya eneo ambalo usiku ungeona taa yake ya tezi tu. Tanga linalompita mvuvi aliye polepole linapisha. Mvuvi anayelipita tanga anapisha pia.
2. Mvuvi anavua, wewe una tanga: wewe unapisha.
3. Mvuvi anavua, wewe una injini: wewe unapisha.
4. Mvuvi anasafiri kwa injini, wewe una tanga tupu: yeye anapisha.
5. Wote mna injini na hakuna anayevua: mkikutana uso kwa uso, kila mmoja ageukie kulia. Mkikatana njia, anayemwona mwenzake upande wake wa kulia ndiye anayepisha, na aepuke kukatiza mbele yake.
6. Wote mna tanga na hakuna anayevua: anayepata upepo upande wa kushoto anampisha anayepata upepo kulia. Mkiwa na upepo upande mmoja, aliye joshini (upande upepo unakotoka) anampisha aliye upande upepo unakoelekea. Kama upepo uko kushoto kwako na huwezi kujua yule aliye joshini anaupata upande gani, mpishe.

Mvuvi anayevua huku chombo chake kikisukumwa na tanga bado ni mvuvi. Usimpimie kwa namba 6. Mpimie kwa namba 2.

Kuna mahali ambapo mvuvi hapewi nafasi hii. Kwenye mkondo mwembamba (njia nyembamba ya kupita vyombo), anayevua hatakiwi kuzuia chombo chochote kinachopita humo. Kwenye njia za meli zilizotenganishwa (za kwenda na za kurudi), hatakiwi kuzuia chombo kinachofuata njia. Na tanga pia lina mpaka wake: kwenye mkondo mwembamba halitakiwi kuizuia meli isiyoweza kupita salama nje ya mkondo huo, na kwenye njia zilizotenganishwa halitakiwi kuzuia meli ya injini inayofuata njia. Basi mkikutana ninyi wawili mlangoni mwa bandari huku meli kubwa inaingia, ondokeni wote.

Hatua ya 5: Jua zana ziko wapi kabla ya kuchagua upande wa kupita

Hapa ndipo chombo cha tanga huharibu kazi ya mtu, au hunaswa chenyewe. Ubao wa chombo cha uvuvi unauona. Kilicho chini huoni. Kila zana hulala kwa namna yake.

*Wavu wa kukokota.* Nyaya hutoka tezi na kushuka. Urefu wake mara nyingi ni kama mara tatu ya kina, ingawa kwenye maji mafupi huwa zaidi. Kina kikiwa mita 40, waya peke yake ni kama mita 120, kisha kamba za kuunganishia na wavu wenyewe hufuata. Karibu na tezi nyaya ziko juu kiasi cha kushika usukani au mkuku (uti wa chini) wa chombo chako. Pita nyuma kwa nusu maili ya baharini, yaani mita 900 hivi, kama nafasi ipo. Anapoopoa, mfuko wa wavu huibuka juu ya maji mbali nyuma yake, kwa hiyo usisogee kwa kuona tu kwamba amesimama. Wakokotaji wawili wanaotembea sambamba kwa kasi moja wanaweza kuwa wamebeba wavu mmoja kati yao: usipite katikati kamwe. Usiku hao huelekeza taa kali mbele na upande wa mwenzake.

*Ringi neti.* Wavu umezunguka duara na vilezi vyake viko juu ya maji. Mara nyingi kuna mashua ndogo inayoshikilia ncha moja au inayovuta chombo kikubwa kisiingie ndani ya wavu wake. Usipite kati ya viwili hivyo, na uache nusu maili kuzunguka. Hapo mvuvi hawezi kabisa kusogea, na chombo chako kikiingia ndani ya duara, yeye hana njia ya kukutoa bila kuufungua wavu.

*Jarife linaloelea.* Wavu huning'inia kama ukuta kutoka kwenye vilezi, mara nyingi kwa mamia ya mita au zaidi. Chombo kilichofungwa kwenye ncha ya wavu husukumwa na upepo kuliko wavu wenyewe, hivyo mara nyingi chombo kiko upande upepo unakoelekea na wavu umenyooka kuelekea upepo unakotoka. Pita upande ule ambao upepo unaelekea, nyuma ya tezi yake. Tafuta kwanza boya la ncha ya pili kwa darubini. Usipoliona, usidhani halipo.

*Mshipi mrefu wa ndoana nyingi.* Jiulize kama anatega au anaopoa. Anayetega anatupa nyuma, kwa hiyo maji ya mbele yake ni safi. Anayeopoa anavuta kutoka mbele au ubavuni karibu na omo, kwa hiyo maji ya nyuma ndiyo safi. Ukiwachanganya hao wawili utapita juu ya mshipi ukiamini umefanya adabu.

*Madema na mitego ya chini.* Kamba hutoka kwenye mtego chini hadi kwenye boya juu, na mkondo wa maji hulivuta boya mbali na mtego. Kamba basi imelala upande mkondo unakotoka. Pita upande wa pili, ule mkondo unakoelekea. Ukiona maboya mawili karibu karibu, yawezekana yamefungwa pamoja kwa kamba inayoelea. Yazunguke yote mawili. Wakati maji yametulia, kati ya kupwa na kujaa, kamba inayoelea hutanda ovyo kuzunguka boya, hivyo acha nafasi kubwa zaidi saa hizo.

*Mishipi ya mkono, chombo kikiwa na nanga.* Huyu hawezi kukupisha na kamba ya nanga yake inatoka mbele kwa mshazari. Pita nyuma yake, polepole, nje ya umbali mishipi inapofika.

Hatua ya 6: Geuka mapema, na geuka aone

1. Fanya uamuzi ukiwa bado maili moja au zaidi.
2. Geuka nyuzi 30 au zaidi kwa mara moja. Usiku 60 ni bora, kwa sababu mvuvi ataona rangi ya taa yako imebadilika. Kugeuka nyuzi 5, kisha 5 nyingine, kisha 5, hakumwambii kitu. Kwake unaonekana unayumba tu.
3. Elekeza omo yako mahali panapoonyesha nia. Ukipita nyuma ya mkokota wavu, elekea mbali kabisa nyuma ya zana, wala usiilenge tezi yake.
4. Kama unabisha upepo (unapanda kuelekea unakotoka) na huwezi kupanda joshi zaidi, una njia tatu: legeza na uteremke na upepo, geuza upande mwingine, au legeza demani (kamba ya kukazia tanga) upunguze mwendo. Kupunguza mwendo husahauliwa, na mara nyingi ndiko kunakotosha.
5. Usigeuze upande mwingine karibu naye. Chombo hupoteza kasi wakati wa kugeuza, na kikikataa kupita kwenye upepo utabaki umesimama mbele ya omo yake.
6. Endelea kusoma dira hadi utakapompita kabisa pamoja na zana zake, ndipo urudi kwenye njia yako.

Hatua ya 7: Ukiwa wewe ndiye unayepishwa

Shika mwendo na uelekeo. Kugeuka kwa hisani wakati mwenzako ameshaanza kukupisha ni chanzo kikubwa cha migongano, kwa sababu wote mnaweza kugeukia upande mmoja.

Anayepaswa kupisha akionekana hafanyi kitu, fuata mpangilio huu: piga honi mara tano fupi za haraka, kila moja kama sekunde moja. Usiku ongeza tochi: imulike kwenye tanga lako, usimmulike nahodha machoni. Bado hajageuka, chukua hatua wewe. Kanuni zinakuruhusu mara tu inapodhihirika kwamba hapishi, na zinakulazimu mnapofikia mahali ambapo yeye peke yake hawezi tena kuzuia mgongano.

Mvuvi anayesafiri na injini huenda yuko kwenye usukani wa kujiendesha huku watu wote wanapanga samaki. Ukiwa na tanga kanuni inakulinda, lakini kama hujaona mtu kwenye chumba cha usukani, jiandae mapema.

Hatua ya 8: Adabu ambayo kanuni hazikuiandika

Ukipita karibu, mwite kwenye redio kwa sentensi fupi, ukimtaja kwa anavyoonekana na mahali alipo: "Chombo cha uvuvi chenye ubao mweusi na chumba cheupe, mimi ni chombo cha tanga, maili moja mbele yako upande wa kushoto. Zana zako ziko upande gani? Nipite nyuma kwa umbali gani?" Usiseme tu "mvuvi, nakuona", maana wanaweza kujibu wanne. Na mazungumzo ya redio yasikucheleweshe kugeuka.

Akikupungia mkono kukuonyesha upande, fuata mkono wake. Yeye ndiye anayejua wavu umelalaje.

Usifunge chombo kwenye boya la mtu, hata kwa dakika tano. Usitie nanga katikati ya madema. Ukiwa na injini, punguza mwendo unapompita anayeopoa: wimbi lako linamyumbisha mtu aliyeinama ubavuni na ndoana mkononi.

Na mvuvi naye ana yake. Teremsha koni na uzime taa za uvuvi mara zana zinapotoka majini. Ukiziacha unawadanganya wote wanaokuzunguka. Weka boya na taa kwenye ncha zote mbili za jarife. Usitege kwenye mlango wa bandari au kwenye mkondo mwembamba. Elekeza taa za sitaha chini. Na ukijua kuna mashindano ya matanga mahali fulani, ulizia njia yao kabla ya kutega, nao wakuulize wewe kabla ya kuweka maboya yao. Mashindano hayampi mwenye tanga haki yoyote juu ya mvuvi anayevua.

Ukungu ukishuka

Msipoonana kwa macho, orodha ya Hatua ya 4 haifanyi kazi. Hakuna anayepishwa. Wote mpunguze mwendo hadi kasi salama na mpige ishara. Chombo cha tanga na chombo kinachovua hupiga ishara moja: mlio mrefu wa sekunde 4 hadi 6, kisha mifupi miwili, angalau kila baada ya dakika 2. Kwa hiyo ukisikia mlio huo huwezi kujua kama ni tanga au ni mvuvi mwenye nyavu majini. Mhesabu kuwa ana nyavu. Chombo cha injini kinachotembea hupiga mlio mmoja mrefu.

Mambo yakienda mrama

*Mvuvi amegeuka ghafla mbele yako.* Wakokotaji hugeuka kufuata kundi la samaki au ukingo wa kina. Legeza demani papo hapo upoteze mwendo, kisha uangalie nyaya zimeelekea wapi kabla ya kuchagua upande. Usikimbilie nyuma yake bila kutazama: wakati wa kugeuka, nyaya hazifuati tezi moja kwa moja, hubaki zimelala upande anaogeukia.

*Upepo umekufa na unasukumwa na mkondo kuelekea nyavu.* Washa injini mapema, ukikumbuka kwamba sasa wewe ni chombo cha injini. Huna injini: tumia makasia, au tia nanga kama kina kinaruhusu na hakuna zana chini, na umwite mvuvi kwenye chaneli ya 16.

*Umejikuta katikati ya vyombo vingi vya uvuvi.* Usijaribu kupita katikati kwa kukwepa mmoja mmoja. Teremsha mwendo, rudi ulikotoka kama maji ya nyuma unayajua ni safi, kisha lizunguke kundi lote.

*Kamba imejifunga kwenye propela.* Gia katikati na injini zima mara moja. Kuendelea kuzungusha huikaza zaidi na huweza kuvuta shafti. Teremsha matanga ili chombo kisivute. Jaribu kwanza kuzungusha shafti kwa mkono kinyume, huku mwingine akivuta kamba kwa ndoana ya mti mrefu. Usimshushe mtu majini kama kuna mawimbi, au kama kamba imekazika; chombo kinachopanda na kushuka kinaweza kumpiga kichwani. Ikibidi kuzamia, awe amefungwa kamba, ufunguo wa injini uwe mkononi mwake, na mtu mwingine amwangalie.

*Wavu umenasa mkuku au usukani.* Usikate kwanza. Legeza matanga yote. Mara nyingi mzigo ukipungua wavu huteleza wenyewe. Chombo kikirudi nyuma kwa upepo, uelekeze usukani katikati usije ukavunjika. Mwite mwenye wavu, kwa kuwa yeye anaweza kulegeza ncha moja. Kukata ni kwa hatari ya kweli: unasukumwa kwenye miamba, au mawimbi yanaingia kwa tezi iliyovutwa chini. Ukikata, funga ncha mbili pamoja ukiweza, ili wavu usizame na kuendelea kuua samaki bila mwenyewe.

*Umekata zana za mtu na hayupo.* Andika saa, latitudo na longitudo, na alama au namba iliyo kwenye boya. Toa taarifa kwa mamlaka ya bandari iliyo karibu au kwa wavuvi wa eneo hilo siku hiyohiyo, na uwe tayari kulipa. Mwenye jarife akijua limekatikia wapi kabla mkondo haujageuka mara nyingi, bado ana nafasi ya kulipata.